Maswali ya Wasomaji: Tulikwenda watano, tukaona ndege wanne

*Shikamoo Mwalimu. Januari mwaka jana mimi na rafiki zangu wanne tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuangalia ndege. Tulikodi Noah, tukaingia getini saa nne na nusu asubuhi, tukazunguka mpaka jioni. Twiga tuliwaona, nyati tuliwaona, mbega nao walikuwepo. Ndege ni wanne tu: heroe kwa mbali, kunguru, na wawili ambao hatukuwajua majina. Wenzetu waliowahi kwenda wanasema walihesabu zaidi ya sitini kwa siku moja. Tunataka kurudi Januari hii. Tubadilishe mwezi au tubadilishe hifadhi? Msomaji, Dodoma.*

Marahaba mwanangu. Mwezi uacheni, hifadhi iacheni. Badilisheni saa, na mkifika zimeni gari.

Januari na Februari kwetu kaskazini ni kiangazi kifupi, vuli imekatika na masika bado. Barabara zimekauka, na wageni bado wapo: mbayuwayu na keremkerem waliokimbia baridi ya Ulaya. Ikifika Aprili wengi wao wameshaondoka kwenda kutaga kwao. Kwa hiyo mwezi mliuchagua vizuri hata kama hamkujua. Tatizo ni hiyo saa nne na nusu. Ndege wa msituni huamka na njaa, hula na kupiga kelele asubuhi mapema, jua likishapanda anatafuta kivuli kama mtu mwingine yeyote. Mlipokuwa mnalipia getini, wao walikuwa wameshamaliza kazi.

Nakuambia haya kwa sababu nami yalinikuta. Safari yangu ya kwanza tulikuwa wanawake watano, walimu wanne na shoga yetu mmoja anayeuza vitenge, ambaye njia nzima alikuwa akilalamika: "Ndege? Si wako hata kwangu Sakina, bure?" Tuliingia kwa geti la Ngurdoto, redio inaimba, chapati zinazunguka, kila mmoja anamweleza mwenzake habari za mkwe. Saa mbili nzima hatukuona kitu. Askari wa hifadhi aliyetusindikiza alikuwa kijana mpole, hakutukaripia. Alituomba tu tuzime gari, tushuke pale alipoturuhusu, tukae kimya dakika ishirini karibu na mkuyu uliokuwa umezaa.

Dakika tano za mwanzo, kimya. Kisha tukasikia vitu vidogo vinadondoka kwenye majani, tap, tap. Ni matunda. Juu kulikuwa na mtu anakula ovyo. Tukasikia mbawa kabla hatujaziona, mvumo mzito kama mtu anakung'uta kanga mbichi, na hondohondo akatua tawini na lile pembe lake kubwa juu ya mdomo. Alichuma tunda kwa ncha ya mdomo, akalirusha, akalidaka, akameza. Askari akatunong'oneza kwamba wakati wa kutaga jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango unazibwa na kubaki ufa mwembamba, na dume humletea matunda siku zote hizo. Shoga yangu wa vitenge akashusha darubini: "Na wangu akija na nyanya tatu anataka asifiwe."

Baada ya hapo ndiye aliyekuwa akitunyamazisha sisi. Na ni yeye aliyemwona shorobo kwanza, ndege wa kijani anayekimbia juu ya matawi kama panya. Aliporuka, mbawa zikafunguka nyekundu kabisa. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, si mwanga unaowadanganya macho.

Basi mpango wenu uwe hivi. Laleni Arusha mjini au Usa River, muwe getini linapofunguliwa. Asubuhi yote ni ya msitu. Msiende umbali mrefu. Tafuteni mti wenye matunda mkae. Mkitaka kutembea kwa miguu, lazima muwe na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na hilo si la kubishana. Maziwa ya Momella yawekeni baadaye, kwa kuwa ndege wa majini wako wazi hata jua likiwaka. Heroe mkiwakosa msinung'unike: wanafuata chakula, na maji ya kila ziwa pale yana magadi na vijidudu vyake. Leo wako ziwa hili, kesho wamehamia jingine, au wamekwenda Natron.

Jambo moja nitakuwa mkali. Msipige sauti za ndege kwenye simu ili waje. Dume akisikia anadhani mwenzake amevamia eneo lake, anaacha kula, anakuja kugombana na simu yako.

*Mwalimu, dukani kuna darubini zimeandikwa 8x42 na nyingine 10x25. Ya pili ni ndogo, ni rahisi, na inakuza zaidi. Ninunue ipi? Mama wawili, Moshi.*

Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Msituni shida haiwi umbali, ni giza, na kioo kipana kinaingiza mwanga zaidi. Tena ile ya kumi inakuza hata mtetemeko wa mkono wako. Usiijaribu kwa kutazama taa ya dukani, elekeza kwenye kona yenye giza uone kama unasoma maandishi ya boksi. Kama unavaa miwani, kunja zile mpira za machoni.

Na kamba ivae shingoni, mama. Usiizungushe mkononi. Yangu ya kwanza ilinitoka mtumbwini, na mpaka leo iko chini ya Momella Ndogo.