Kitenzi kinachofaa kwa kuendesha warsha

Ndugu yangu wa Mbozi, umeuliza kama sentensi uliyoiandika kwenye wasifu wako wa kazi, "I drove a workshop to coffee farmers", ni sahihi. Si sahihi, ingawa naelewa ilikotoka: kwa Kiswahili tunaendesha gari na tunaendesha warsha pia, lakini Kiingereza hakitumii kitenzi cha gari kwa maana hiyo. Andika "I ran a workshop for coffee farmers" au, kwa kuwa wasifu hudai lugha rasmi kidogo, "I conducted" ama "I led". Walengwa hutanguliwa na "for" na mada hutanguliwa na "on", kama katika "a workshop on pruning for coffee farmers".

Neno "facilitated" nalo ni sahihi, tena ndilo bora iwapo wakulima ndio waliozungumza na wewe ukaongoza mjadala tu. Mtu aliyehutubia saa tatu mfululizo, kwa maoni yangu, asijipe sifa hiyo. Litumie bila kihusishi: "I facilitated a workshop". Usilichukulie kwa maana ya "kuwezesha" tuliyoizoea huku kwetu, ambako mtu akisema amewezeshwa, wengi huwaza posho na nauli.

Jambo dogo la mwisho: "workshop" ni karakana vilevile, na fundi seremala wa Mafinga angekuelewa vingine kabisa, kwa hiyo usiache kuitaja mada.