Miaka tisa kwenye database, sina digrii ya sheria: nianze na cheti au masters ya faragha?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa database, huu mwaka wa tisa. Kazini kila kikao cha data za wateja naitwa, na mwisho wa siku mi ndo nawaelewesha wanasheria kuhusu mfumo na watu wa mfumo kuhusu wanasheria. Nimeipenda hiyo kazi, nataka nisome sheria za faragha na teknolojia ila sheria sijawahi kusoma. Kuna jamaa ana kozi ya mtandaoni ya wiki mbili, anasema nikikariri ibara zote 99 za GDPR, ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, ananipa cheti cha GDPR na naweza kuwa afisa wa ulinzi wa data. Nichukue hiyo, nitafute cheti kinachotambulika, au nijibane nifanye masters? Au mtu asiye mwanasheria anapoteza tu muda huku?

JIBU: Dada yangu, hili swali nalipata kila siku, leo wewe wa database, juzi mtu wa rasilimali watu, kabla ya hapo nesi, na karibu kila mara ndani yake yupo huyo jamaa wa wiki mbili. Ngoja nianze na yeye maana ndo anayenichosha.

GDPR kweli inazungumzia uthibitisho, ibara ya 42, ila unaohusu uchakataji wa data unaofanywa na taasisi, kwa vigezo vilivyopitishwa na mamlaka ya usimamizi, na hauzidi miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. Haumhusu mtu aliyekaa kwenye Zoom wiki mbili. Anachouza huyo ni karatasi ya kuhudhuria, na karatasi ya kuhudhuria sio kosa, kosa ni kuibatiza jina lingine.

Kupoteza muda? Hapana. Soma ibara ya 37, afisa wa ulinzi wa data anateuliwa kwa sifa zake za kitaaluma, hasa ujuzi wa kina wa sheria na utendaji wa ulinzi wa data, na uwezo wa kuifanya hiyo kazi. Neno digrii halipo. Mi mwenyewe nilitokea kwenye mambo ya network, mwaka wa kwanza nasoma hukumu nilikua nasinzia ukurasa wa pili. Ila angalia, imesema sheria NA utendaji. Nusu ya pili unayo tayari, na kuna wanasheria wengi tu wazuri ambao hawajawahi kuona jedwali la wateja linafananaje wala hawajui kwamba rekodi uliyoifuta leo bado imelala kwenye bakapu tatu.

Sasa tuje kwenye kukariri, hapa nivumilie kidogo.

Watu wa tehama tukikutana na sheria tunaisoma kama msimbo wa programu, kama hivi basi vile, tunatafuta namba. Namba maarufu kuliko zote ni 72, saa 72 za kuripoti uvujaji wa data kwa mamlaka, ibara ya 33, kila aliyepita kozi fupi anaitaja kwa mbwembwe. Sawa, zinaanza kuhesabiwa lini? Sheria inasema tangu mdhibiti, yaani taasisi inayoamua data itumike kwa nini na vipi, alipojua. Alipojua ni lini, alati ilipolia saa nane usiku Jumamosi na hakuna aliyeiona, au fundi wa zamu alipoiona akadhani ni feki, au Jumatatu ulipofungua logi ukakuta mtu amepakua jedwali zima? Na hata hapo hujamaliza, maana ibara hiyohiyo inasema huna haja ya kuripoti kama haielekei kuleta hatari kwa haki na uhuru wa watu, na hatari hiyo unaipimaje, data ilikua imefichwa kwa ufunguo, ufunguo ulikua wapi, nani mwingine alikua nao. Aliyekariri ana 72 mkononi na hana jibu. Wewe uliyewahi kukesha na seva umeshaanza kuuliza maswali yenyewe bila kufundishwa na mtu.

Ibara ya 32 ndo hivohivo, inataka hatua za usalama zinazofaa, zinazofaa nini? Haisemi. Inakwambia uangalie teknolojia ilipofikia, gharama, aina ya uchakataji na ukubwa wa hatari. Namba haijasahaulika, imeachwa makusudi, wewe ndo unatakiwa ufikie uamuzi na uweze kuutetea kwa maandishi miaka miwili baadae ukiwa umekaa mbele ya mkaguzi. Kazi ni hiyo.

Niliwahi kuitwa sehemu moja, sitaitaja, walikua na mtu mwenye vyeti ukuta mzima. Aliwaambia namba za simu za wateja zikishapitishwa kwenye hashi, hesabu inayogeuza namba kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, sio tena data binafsi, kwahiyo wanaweza kuwapa washirika wa matangazo bila shida. Alikariri kwamba data isiyomtambulisha mtu iko nje ya sheria, na hilo ni kweli kabisa, limeandikwa kwenye aya ya 26 ya utangulizi. Ila hiyo aya inaendelea, inasema data ambayo mtu anaweza kutambulika tena kwa kutumia taarifa za ziada bado ni ya mtu anayetambulika. Na wewe unajua hesabu, namba yenye tarakimu tisa zinazobadilika ina uwezekano bilioni moja tu, kompyuta ya kawaida inazihashi zote ndani ya dakika chache na hashi zako zote zinarudi kuwa namba za simu. Mwanasheria wao hakujua hesabu, mwenye vyeti hakusoma aya mpaka mwisho, na jedwali likaenda. Mtu wa database angewaokoa.

Kwahiyo utaratibu wangu ni huu. Soma GDPR yenyewe, ni bure, na usiziruke aya 173 za utangulizi maana sababu nyingi zimo huko. Afu soma hukumu za Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, anza na Breyer ya 2016, inahusu anwani za IP zinazobadilika kwahiyo utaielewa haraka kuliko wanasheria wengi, halafu Planet49 ya 2019 inayohusu ridhaa ya vidakuzi (cookies), halafu Schrems ya pili ya 2020 iliyoua Privacy Shield, mpango wa kupeleka data za Ulaya Marekani. Baada ya hapo ndo cheti, vya IAPP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa faragha, vinatambulika, CIPP/E upande wa sheria na CIPT upande wa teknolojia. Viheshimu, ila ni mitihani ya kuchagua jibu, vinaonyesha una ramani, kutembea ni kitu kingine. Masters iache ije yenyewe. Vyuo vipo vinavyopokea wasio wanasheria kwenye sheria ya teknolojia, ukikiuliza chuo uliza jambo moja zaidi ya ada: utakua unaandika uchambuzi wa kesi na mtu anausahihisha, au ni slaidi na kwizi tu?

Na masters hiyo haikupi uwakili. Hili watu wanalichukulia poa sana. Nchi nyingi mawasiliano ya mteja na wakili wake yana kinga ya usiri, yako wewe hayana, kwahiyo ile barua pepe yako ya "jamani hapa tumevunja sheria" inaweza ikaletwa mahakamani kama ilivyo. Jua wakati wa kusema hili apewe wakili.

Maana huku nje hali ni mbaya. Watu wanadesa sera ya faragha ya kampuni nyingine mpaka jina la ile kampuni linabaki aya ya nne, nimeiona zaidi ya mara moja. Wengine kila kitu ni ridhaa, bango la ridhaa, kisanduku cha ridhaa, fomu ya ridhaa, wakati ibara ya 6 ina misingi sita ya kuchakata data kihalali na ridhaa ni mmojawapo tu, tena unaoweza kuondolewa muda wowote. Nimekuta mwajiri anaomba ridhaa ya wafanyakazi ili achakate data za mishahara. Sasa mfanyakazi akiondoa ridhaa mwisho wa mwezi humlipi? Hiyo ni kazi ya mtu wa tempuleti, alilipwa, akaondoka, na simu hapokei.

Huyo wako wa wiki mbili, kabla hujamtumia hata senti, muulize hivi: mchakataji, yule anayeshika data kwa niaba ya mdhibiti, amegundua uvujaji Jumamosi, mdhibiti kaambiwa Jumatatu, saa zinaanza lini? Akikurushia namba ya ibara papo hapo bila kukuuliza mkataba wao unasemaje, nani alijua nini na kilichovuja ni kitu gani, hela yako kaa nayo, na jioni hiyohiyo fungua Breyer.