Tunakatazwa kugawa kiwanja cha marehemu baba

SWALI: Mhariri shikamoo. Baba ametuachia kiwanja kikubwa Shangani hapa Mtwara, watoto tuko wanne, tukasema tukigawe kila mtu ajenge chake na mdogo wetu aweke vyumba vya kupangisha. Hela za korosho zimetoka, fundi yuko tayari, afu tunaambiwa mkoa umekataza kubananisha nyumba. Kwani ardhi si yetu? (Msomaji, Shangani)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Aliyewaambia mkoa kachanganya. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mwenye mamlaka ya kupanga mji ni halmashauri, kwenu ni Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kwa hiyo msichome nauli kwenda kwa RC (mkuu wa mkoa), nendeni kwa afisa mipango miji. Na ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndo mdhamini, nyie mna haki ya kuitumia kwa masharti ya kwenye hati. Itoeni muisome, mwone kiwanja kimepangiwa matumizi gani na ujazo upi, yaani nyumba zinaruhusiwa kusongamana kiasi gani: wa chini, wa kati au wa juu. Shangani imepangwa tangu enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza wakati wa ukoloni, ndo maana viwanja vyake vipana kuliko vya Magomeni au Chikongola.

Hofu kubwa ya kubananisha nyumba ni vyoo. Wengi tunatumia mashimo, sasa nyumba nne pamoja na wapangaji, mashimo manne yamebanana, mvua ya Januari ikishuka yanafurika uani kwa jirani na gari la kunyonya halina pa kupita. Hapo siwatetei kabisa.

Ila sikubali pia kwamba kiwanja kibaki vilevile milele wakati familia zinakua na mji unazidi kusogea Naliendele huko, maji na barabara vikiufuata kwa gharama. Kugawa kunaombwa. Kwanza mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, bila hiyo hakuna atakayewasikiliza, ndo mpeleke hati na mchoro mpya wa kitaalamu. Ikipita, kila mmoja anafuatilia hati yake na kibali chake cha ujenzi. Fundi asichimbe msingi kabla, mtapigwa X nyekundu ya kubomolewa na hela yote ya korosho imeenda. Wakigoma vipande vinne ulizeni kama viwili vinawezekana, na wakikataa kabisa dai jibu la maandishi lenye sababu.