Kushoto, kulia au katikati: kupanga ala kwenye miksi (sauti zote zilizochanganywa pamoja) ya nyumbani

Wanaoniletea rekodi zao hapa Arua, Uganda, huja na lalamiko lilelile: kila ala imepigwa vizuri, lakini wimbo ukicheza huwezi kumfuata hata mpigaji mmoja. Wengi hukimbilia kuongeza sauti. Mimi huwaambia waanze na nafasi, nani akae kushoto, nani kulia, nani katikati. Na kabla ya kugusa kitufe cha kuisogeza sauti kushoto au kulia, jiulize: ala hizi mbili nataka sikio lizitenganishe, au liziunganishe?

Chukua kikundi cha kanisani kinachopiga adungu, yaani vinubi. Ile adungu kubwa ya besi iache katikati kabisa, pamoja na mwimbaji anayeongoza. Sauti nzito sana sikio halitambui vizuri inatoka upande gani, na ikikaa katikati spika zote mbili zinaibeba pamoja. Shida iko kwa adungu ndogo. Zikiwa mbili, mara nyingi zinapita kwenye noti zilezile, na zikirundikana katikati moja huifunika nyingine. Peleka moja kushoto na nyingine kulia, kama nusu ya mzunguko wa kitufe kila upande. Hapo utaanza kusikia hata kidole kinavyoachia uzi. Kisha pima tena ukubwa wa sauti zao, maana sauti ikihama kutoka katikati, nguvu yake inaweza kubadilika kidogo kutegemea programu unayotumia.

Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, inataka kinyume chake. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, na kila mmoja hupiga katika nafasi anazoacha mwenzake. Melodi unayoisikia haipigwi na yeyote kati yao. Inazaliwa zinapokutana sehemu zao mbili. Ukimsukuma mmoja mwisho wa kushoto na mwingine mwisho wa kulia, msikilizaji mwenye hedifoni anapata nusu ya wimbo kwenye kila sikio, na ile melodi inavunjika. Inaniuma sana kusikia hivyo, kwa sababu wapigaji wameifanya kazi yao barabara. Waweke karibu karibu. Mpigaji wa tatu, yule wa vibao viwili vya juu, ndiye unayeweza kumsogeza pembeni kidogo.

Kama una maikrofoni mbili zinazofanana, ziweke juu ya amadinda, vichwa vikiwa pamoja na kila moja ikitazama upande wake kwa pembe ya nyuzi 90. Mbinu ya kuweka maikrofoni mbili mahali pamoja ni ya siku nyingi. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliiombea hataza nchini Uingereza mwaka 1931. Mpaka leo sijaona njia rahisi kuishinda ukiwa sebuleni.

Kuna ujanja ambao vijana wanaupenda: kunakili gitaa, nakala moja kushoto na nyingine kulia. Hilo halipanui chochote, linarudi katikati likiwa na sauti kubwa zaidi. Wengine wanaichelewesha nakala moja kwa milisekunde 10 au 20. Kwenye hedifoni inapendeza, lakini pande mbili zikiunganishwa kuwa moja, baadhi ya masafa ya sauti yanafutana na gitaa linabaki na sauti nyembamba kama linapigwa ndani ya bomba. Mwombe mpiga gitaa arudie kupiga sehemu yote. Tofauti ndogo za mkono wake ndizo zinazoleta upana wa kweli, na mpigaji mzuri harudii kamwe kitu kilekile kwa usawa. Waitikiaji nao wafanyie hivyohivyo.

Kwa hiyo sikiliza miksi katika mono, yaani pande mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa moja, mara kwa mara, siyo mwishoni tu. Wimbo wako utachezwa kwenye simu ya spika moja juu ya meza ya sokoni, au kwenye redio ya bodaboda. Na ukimiksi kwa hedifoni tu, kwa kuwa umeme umekatika au kwa sababu jirani amelala, punguza tamaa ya kusukuma vitu hadi mwisho: kwenye hedifoni kila sikio linasikia upande wake peke yake, wakati kwenye spika masikio yote mawili yanasikia pande zote. Manyanga yanayokaa vizuri kulia kabisa kwenye spika yanaweza kumchosha mwenye hedifoni kabla ubeti wa pili haujaisha. Yarudishe ndani kidogo.