Maswali ya Karakana: Kutu Imekula Chasisi ya Vani ya Babu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina vani ya Morris Minor niliyoachiwa na babu. Injini inawaka, milango inafunga, bodi haina neno. Juzi niliingia chini na tochi nikakuta mhimili wa kushoto wa chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, jirani na kishikio cha nyuma cha springi, una tundu la kupitisha kidole, na kutu imeumuka kandokando. Fundi mmoja ananiambia tubandike bati nene juu ya tundu, tuchomelee pande zote, kisha tupake lami chini kote. Mwingine anataka bodi ivuliwe, chasisi ipigwe mchanga unaorushwa kwa hewa ya nguvu mpaka kutu itoke, na ichovywe kwenye zinki. Nimfuate yupi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umerithi gari linalotengenezeka. Morris Minor ya abiria, iliyotoka mwaka 1948, haina chasisi ya peke yake. Sakafu na bodi ndivyo vinavyobeba kila kitu. Vani na pikapu zilizofuata mwaka 1953 zilipewa chasisi ya peke yake ili zihimili mzigo. Bodi inaweza kunyanyuliwa, na fundi akaiona kazi yote bila kuchungulia.

Huyo wa bati juu ya tundu mkatalie. Tundu uliloliona ni mwisho wa safari ya kutu. Maji na tope huingia ndani ya mhimili, hukaa kwenye kona bila kupata hewa, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Mpaka kidole kipite, chuma cha kandokando kimeshakonda. Ukichomelea juu yake, moto wa mashine utakitoboa, au weldi itashika ngozi tu. Halafu kati ya bati jipya na chuma cha zamani panabaki upenyo mwembamba unaonyonya maji. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo humo ndani itaumuka na kulisukuma bati lako.

Anza na nyundo ndogo na bisibisi la zamani. Kwangua tope na lami yote, kisha gonga mhimili kuanzia mbele kwenda nyuma, pande zote unazofikia, hatua fupi fupi. Chuma kizima kinalia, na nyundo inarudi mkononi. Ukifika penye ugonjwa sauti inakufa, nyundo inazama kidogo, na magamba ya kahawia yanamwagika kwenye tundu la kutolea maji. Hapo sukuma bisibisi kwa nguvu. Likiingia, zungushia chaki, na uendelee mbele ya chaki mpaka sauti irudi. Usimhurumie mhimili. Ni heri utoboke leo ukiwa juu ya stendi kuliko siku umebeba mzigo. Chunguza zaidi vishikio vya springi, mahali mihimili ya kukatisha inapokutana na mirefu, na kila palipo na mabati mawili yaliyolaliana.

Kabla ya kukata chochote, pima. Watu wengi hulipuuza hili, nami nalisisitiza kuliko rangi na zinki. Chagua matundu ya bolti yanayolingana kushoto na kulia, pima kwa mshazari kutoka kona hadi kona, kisha pima mshazari wa pili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Viandike. Chasisi iegemee stendi sehemu nyingi, mbele, katikati na nyuma, isije ikainama ukishakata. Kwa kuwa ugonjwa wako uko kwenye kishikio cha springi, chomelea fito za muda zinazokishika mahali pake kabla hujagusa chuma kibovu. Kishikio kikihama kidogo tu, ekseli ya nyuma inakaa upande, na gari litakwenda limekaa mshazari barabarani daima.

Betri iondolewe. Tangi la mafuta litoke kabisa na lipelekwe mbali, kwa sababu tangi lililomwagwa mafuta bado lina mvuke unaolipuka. Paipu za breki zilizo karibu zitolewe. Na mbele uwe mwangalifu sana: Morris Minor hubebwa na fito za chuma zinazojisokota, na ncha zake za nyuma zimefungwa kwenye mhimili wa kukatisha. Fito hizo zina nguvu iliyokazwa ndani yake wakati wote gari limesimama. Asilegeze mtu bolti ya hapo kabla ya kuipunguza nguvu hiyo kwa utaratibu, jeki ikiwa chini ya mkono wa gurudumu.

Sasa kata. Rudi nyuma mpaka kwenye chuma kinacholia, si mpaka mwisho wa tundu. Pima unene wa chuma hicho kwa kalipa, na ununue bati la unene huohuo. Najua bati nene linavutia, lakini mhimili hujipinda kidogo kila gari linapopita shimo. Ukiweka kipande kigumu mno, mkunjo wote unahamia kwenye mstari wa weldi na ufa unaanzia hapo. Kwa sababu hiyohiyo usikate mhimili wima kama unayekata mkate. Ncha za kipande ziende mshazari ili weldi isikae yote kwenye mstari mmoja. Piga weldi fupi, hamia upande wa pili, acha pa kwanza papoe, kisha rudi. Weldi ndefu ya mfululizo huvuta mhimili ukapinda. Maliza sehemu moja, pima tena mshazari, ndipo ukate nyingine.

Fundi wako wa pili ana hoja nzuri, ila ninamfuata nusu. Bodi ivuliwe, ndiyo. Kupiga mchanga ni njia bora ya kufika kwenye chuma kitupu, lakini ipigwe kabla ya kuchomelea, maana itafichua matundu ambayo nyundo haikuyaona. Vumbi la mchanga wa kawaida huharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona, basi kazi hiyo afanye mwenye chembe zisizo na silika na kofia ya kuletewa hewa. Kisha mihimili ipulizwe ndani, kwa kuwa mchanga uliobaki huko utashika unyevu.

Zinki ya kuchovya hufanyika kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Chasisi mpya huipokea vizuri. Chasisi ya zamani yenye viraka na mabati membamba inaweza kupinda, na kila sehemu iliyofungwa ni lazima itobolewe, la sivyo unyevu uliomo hugeuka mvuke na kupasua chuma ndani ya bafu. Ukitaka kuchomelea tena baadaye, utaikwangua zinki kwanza, na moshi wake huleta homa. Kwa chasisi yako ningechagua praima ya epoksi juu ya chuma kitupu kikavu, rangi ya chasisi juu yake, halafu nta ndani ya mihimili. Ile dawa ya asidi ya fosfori inayogeuza kutu nyeusi itumie kwenye vishimo vidogo ambavyo brashi ya waya haifiki. Juu ya magamba haina kazi. Lami sikushauri. Ikikauka hupasuka, maji hupita kwenye nyufa, na kutu hujificha chini yake usiione.

Nta iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa inashika moto. Ingiza mpira mrefu wenye tundu za pembeni kwenye ncha, uvute taratibu huku ukipuliza, mpaka nta ianze kudondoka kwenye matundu ya kutolea maji. Ikishatulia, yazibue matundu hayo kwa waya. Yakiziba, kazi yote inaanza kuoza upya.

SWALI: Fundi, nikipulizia oili chafu ya injini chini ya gari, si inazuia kutu bure?

JIBU: Inazuia kiasi, lakini oili iliyotumika ina asidi na mabaki ya moto wa injini. Mipira ya springi na hosi za breki huvimba na kulegea, diski na ngoma za breki zikipata matone gari halisimami, na kinachodondoka kinaingia ardhini. Nunua nta.

SWALI: Namba ya chasisi yangu imegongwa kwenye bati lililooza. Nikate?

JIBU: Usikate wala usipige grainda hapo, ndugu yangu. Piga picha namba hiyo ikiwa na kadi ya gari pembeni, nenda kwa mamlaka inayosajili magari, na upate kibali kwa maandishi. Safisha pale kwa brashi laini na dawa ya kutu tu, upake rangi isiyoficha herufi, na ukarabati wako uzunguke eneo hilo hadi kibali kitoke.