Jibu: Mbegu za Mulungu zilienda wapi?
Yaya, umeuliza juu ya nini Mulungu, ile stasio ya utafiti wa kilimo, haitoe tena mbegu kama zamani na wale wafanyakazi wanaishi na nini. Jibu haiko vita peke yake. Hii stasio iko hapo Kabare, Kivu ya Kusini, ilikuwa ya INEAC, ile taasisi ya kilimo Babeleji walianzisha 1933, kisha INERA, taasisi ya kilimo ya leta ya Kongo, ikaikamata 1970. Vita ya 1996 ilitupiga sote, sawa, lakini mbegu inaomba feza kila musimu: mbegu ya kwanza inalimwa kwa stasio, inaenda kwa wale wanaoizidisha, SENASEM, ile service ya leta ya mbegu, inapima na kutoa cheti, njo inafika kwako, sasa feza ikikatika nafasi moja tu yote inasimama na wewe unarudisha udongoni ile mihogo yenye ugonjwa wa mozaiki.

Na mufanyakazi wa leta (serikali) mushahara ukichelewa atafanya nini, analima kashamba kake, bibi anauza sokoni, mradi ukifika anapata primu, ile feza ya kuongeza, mradi ukiisha basi. Retrete yenyewe, ile pensheni, acha tu, mzee anabaki kwa lisiti ya wafanyakazi juu akitoka atakula nini?

Kwa mbegu ya maharagi yako, uliza cheti kwanza, ya soko ni ya kupika.