Umeumia kazini, umefukuzwa: ni madai mawili, si moja

Mkuu, umesema mashine imekutafuna mkono hapo Pongwe, uko kwenye ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi), bosi kakuletea barua ya kuachishwa. Unauliza ufungue kesi sasa au usubiri kwanza fidia ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, itoke. Usisubiri. Mimi nilisubiri.

Mwaka 2018 nilikuwa kwenye korona, shamba moja la mkonge huku Tanga (korona yetu ni mashine ya kuchakata mkonge, ina jina hilo tangu kabla ya ugonjwa). Ikaondoka na vidole viwili vya kulia. Hospitali nilitibiwa vizuri. Wiki ya tano msimamizi akaniletea karatasi nyumbani, "saini hapa upate chako". Kusaini kwenyewe ilikuwa kwa mkono wa kushoto, ile saini hata mimi siijui. Kumbe imeandikwa nimeacha kazi kwa hiari.

Mimi akili yote WCF. Mfuko ule unalipa ulemavu na matibabu, na taarifa ya ajali una miezi 12 kuipeleka. Nikajiona nina muda tele. Lakini Mfuko haukurudishi kazini wala hauulizi umefukuzwa kwa haki au la. Hilo ni la CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kule unahesabiwa siku 30 tangu kuachishwa. Nimefika siku ya 53. Karani kaangalia tarehe, kanisukumia fomu ya kuomba kuongezewa muda. Zilizoniokoa ni karatasi zangu za ED, kila moja na mhuri wake. Mama watoto alizitunza kwenye kopo la maziwa, mimi ningeshazitupa.

Usuluhishi ulikwama, bosi hakutokea hata mara moja. Kwenye uamuzi ndipo akabanwa: kabla ya kumwachisha aliyeumia, ulimtafutia kazi nyepesi? Ulimwita mkazungumza? Mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako. Hakuwa na kitu zaidi ya ile saini yangu ya kushoto, na mwamuzi akaiweka pembeni ya saini ya mkataba wangu.

Nikapewa mishahara ya miezi 12. Akakimbilia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba mapitio, ikala mwaka mwingine na ushee. Fidia ya vidole ilishalipwa zamani.

Barua yako ina tarehe gani? Na kuna chochote ulichosaini?